Risiti ya 412

Bosi wangu anauza saruji na mabati. Mimi dukani ndiye "mtu wa kompyuta", cheo nilichokipata siku niliyoponya printa kwa kuichomeka kwenye umeme.

Juzi kaniita. "We kijana, risiti ya 412 iko wapi?" Ya 411 ipo, ya 413 ipo. Ananitazama kama nimeila na maharage.

Mzee, mteja alighairi katikati! Muamala ulifutika, ila PostgreSQL, programu inayotunza data za duka, hairudishi namba. Namba haitoki kwenye jedwali, inatoka kwa kaunta iliyokaa pembeni, wenyewe wanaiita sikwensi. Ni kama kikaratasi cha foleni benki: ukikichukua ukaenda zako kunywa chai, anayefuata anapewa kingine. Wewe unapounda jedwali unaandika SERIAL kwenye safu ya namba, neno moja tu, kumbe umefungisha ndoa: kaunta inaundwa, safu inaagizwa ikaombe namba huko, kisha kaunta inaandikishwa kuwa mali ya safu. Futa safu, na kaunta inazikwa nayo.

Ndoa yenyewe sasa, hawasemeshani! Nilihamisha wateja 800 kutoka Excel, kila mmoja na namba yake. Kaunta haikuombwa kitu, basi haina habari. Akaja mteja mpya, kaunta ikatoa 1. Namba 1 ni ya mzee wa kokoto! Kosa, namba imejirudia. Nikabonyeza tena: 2. Kosa. Tena: 3. Kila kosa linaisogeza kaunta hatua moja, nikapiga hesabu: nikikosea mara 800, ya 801 inapita. Na nilianza, wallahi. Nilifika 57 kidole kikagoma.

Dawa yake ni mstari mmoja wa setval, amri ya kuipangia kaunta namba: kaunta ishike namba kubwa kuliko zote zilizomo. Mstari mmoja, na mimi nimetoka jasho la kubeba saruji! Tena tangu toleo la 10 la PostgreSQL, mwaka 2017, kuna safu za IDENTITY, nazo hupewa namba na kaunta kama za SERIAL; ukiziwekea neno ALWAYS, mtu hajipachikii namba hivihivi mpaka atamke wazi kwamba anavunja utaratibu. Mimi nilinakili ya zamani, ya SERIAL.

Nikamweleza bosi yote hayo. Akasikiliza, akanywa maji. "Sawa. Ya 412 iko wapi?"

Nikachukua karatasi, nikaandika kwa kalamu: 412, IMEHARIBIKA. Akaigonga mhuri, akaitia kwenye faili, uso ukang'aa.

Leo asubuhi kaulizia ya 430.