Gari-nyumba Nyuzilandi: anayelala bure, nani anamlipia?

Anayepanga kwenda Nyuzilandi siku hizi hupewa ushauri mmoja na karibu kila mtu: kodi gari-nyumba, lile lenye kitanda, jiko, friji na choo ndani yake, uzunguke visiwa vyote viwili bila kuhangaika na hoteli. Sababu inayotangulizwa ni kwamba ni nafuu. Ushauri naukubali kwa sehemu kubwa, ila sababu yake siikubali. Ukipiga hesabu vizuri, unafuu huo ni wa kubahatisha. Faida ya kweli ya gari-nyumba katika nchi ile ni kwamba linakuwezesha kuisubiri hali ya hewa, au kuikimbia. Na faida hiyo ina gharama ambayo mara nyingi msafiri haioni, kwa sababu wanaoilipa ni wakazi wa miji midogo anamoegesha.

Hali ya hewa ndiyo inayoamua karibu kila kitu huko. Kisiwa cha Kusini kimegawanywa kwa urefu na safu ya milima ya Southern Alps. Pepo za magharibi huja na unyevu wa Bahari ya Tasman, zikagonga ukuta huo na kumwaga mvua yote upande wa pwani ya magharibi. Milford Sound, ile ghuba nyembamba yenye miamba mirefu inayoonekana kwenye kila kalenda ya nchi hiyo, hupata zaidi ya milimita 6,000 za mvua kwa mwaka. Dar es Salaam, pamoja na masika yake yote, hupata kama 1,100. Lakini vuka milima uelekee mashariki, uingie bonde la Mackenzie, na hewa inakuwa kavu, nyasi zimekauka rangi ya dhahabu, jua linawaka. Mwendo wa saa chache barabarani unaweza kukutoa kwenye mafuriko ukakuweka kwenye ukavu.

Mchukue sasa msafiri wa hoteli. Alihifadhi chumba cha usiku mmoja katika kijiji cha Mount Cook miezi kadhaa kabla, ili auone mlima Aoraki, mrefu kuliko yote nchini, mita 3,724. Anafika, mlima umejifunika wingu kuanzia kileleni hadi chini. Kesho yake asubuhi anatakiwa kukabidhi ufunguo, kwa sababu chumba kingine kimeshalipiwa mji mwingine. Anaondoka ameona ukungu. Mwenye gari-nyumba aliyeegesha kwenye kambi ya White Horse Hill, palepale chini ya bonde la Hooker, anaangalia utabiri, anabandika chai, na kama nafasi ipo analipia usiku wa pili. Wingu likifunguka alfajiri, yeye yupo. Likigoma, anawasha gari anaelekea ziwa Tekapo.

Ndivyo ilivyo pia kwa Milford Sound. Wageni wengi huletwa na mabasi kutoka Queenstown, safari ya saa kama nne kwenda na nne kurudi, wakafika wote kwa pamoja mchana. Aliyelala kambi ya Cascade Creek, ambayo ndiyo kambi ya Idara ya Uhifadhi iliyo karibu zaidi na ghuba hiyo, hufika mapema kabla ya msongamano. Tena anapita handaki la Homer, kilomita 1.2 ndani ya jabali, bila haraka. Nje ya handaki hilo kuna foleni ya taa, na kwenye foleni hiyo ndipo wanapokaa kea, kasuku wa mlimani wenye manyoya ya kijani kibichi na mdomo uliopinda kama ndoana. Ndege hawa hawaogopi gari. Hutua juu ya paa, wakashuka pembeni ya dirisha na kuanza kung'oa mpira unaoziba kioo, kipande kwa kipande, huku wakikukazia macho. Ni ndege walio hatarini kutoweka, na mabango yanaomba usiwalishe chochote. Mtu mwenye muda wa kushuka na kusimama dakika ishirini anaona mengi kuliko abiria wa basi anayepiga picha kupitia kioo.

Kwa msomaji wa Tanzania, Kenya au Uganda kuna wepesi mwingine: kule wanaendesha kushoto kama sisi. Leseni iliyoandikwa kwa Kiingereza inakubalika kwa mgeni, na leseni ya kawaida ya gari dogo inaruhusu kuendesha gari la hadi kilo 6,000, kwa hiyo hata gari-nyumba kubwa la vitanda sita halihitaji leseni ya lori. Linalohitajika ni adabu ya barabarani. Kuna madaraja mengi ya njia moja, hasa pwani ya magharibi, na kila moja lina alama: ukiona duara lenye mshale mdogo mwekundu na mkubwa mweusi, unasimama na kumpisha anayetoka ng'ambo. Na kwa kuwa gari-nyumba hupanda milima polepole, mwendeshaji anatakiwa kusogea pembeni kila penye nafasi ili walio nyuma wapite. Wenyeji wanaokwenda kazini kwenye barabara hizohizo wana kila haki ya kukasirika mgeni asipolifanya hilo.

Kuna faida ya jikoni pia, na naona haitajwi vya kutosha. Familia ya Kiislamu kutoka Mombasa au Muscat, ikiwa njiani katika miji midogo ya pwani ya magharibi, haina uhakika wa kupata mgahawa wa halali. Yenye jiko lake inapika inachojua. Watoto wanakula kwa wakati, na mzee mwenye kisukari anakula anachotakiwa. Ila chakula usikibebe kutoka nyumbani bila kukitangaza uwanja wa ndege. Nyuzilandi inalinda mno kilimo na wanyama wake, na asiyetangaza chakula au buti zenye udongo anatozwa faini ya dola 400 za Nyuzilandi papo hapo. Asali ya Tabora iache kwa jirani.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Majira ya joto, Desemba hadi Februari, kodi ya gari-nyumba la familia mara nyingi hupita dola 300 za Nyuzilandi kwa siku. Mengi yanatumia dizeli, na gari la dizeli nchini humo hulipia ushuru wa barabara kwa umbali, kama dola 76 kwa kila kilomita 1,000 kwa magari mepesi, mbali na bei ya mafuta yenyewe. Kampuni inakukata ushuru huo unaporudisha gari. Kivuko cha Wellington hadi Picton, saa tatu na nusu hivi kukatiza mlango wa bahari wa Cook, hutoza kwa urefu wa gari. Bima ya kawaida inakuachia mzigo wa dola elfu kadhaa ukigonga kitu, na kuipunguza ni malipo mengine ya kila siku. Ukishajumlisha hayo, watu wawili wenye gari dogo wakilala kwenye nyumba za wageni wanaweza kutumia pesa sawa, au pungufu, tena wakaoga bafu pana kila jioni. Familia ya watu watano ndiyo inayopata nafuu inayoonekana, kwa sababu isingeenea chumba kimoja.

Ipo njia ya kukwepa sehemu kubwa ya gharama hizo. Wageni wengi huchukua gari Auckland wakaliacha Christchurch au Queenstown, na kampuni hubaki na magari yaliyorundikana kusini. Ili yarudi, hukodishwa kwa bei ya kutupa, wakati mwingine dola moja kwa siku, mradi uyafikishe kaskazini ndani ya siku chache. Lakini siku chache hizo ndizo zinazokunyang'anya ile faida niliyoisifu, yaani nafasi ya kusubiri. Unapata gari bure na kupoteza sababu ya kuwa nalo. Hali ni hiyohiyo Januari, kambi maarufu zinapojaa na kutaka uhifadhi nafasi mapema: mwenye gari-nyumba anakuwa na ratiba ngumu kama ya mgeni wa hoteli. Ndiyo maana nashikilia kwamba gari-nyumba lina maana Machi na Aprili, umati unapopungua, kodi inaposhuka na majani ya miti ya Arrowtown, mji mdogo karibu na Queenstown, yanapogeuka njano. Na lina maana zaidi Kisiwa cha Kusini. Auckland na miji mingine ya kaskazini ni ya gari dogo. Kutafuta maegesho ya gari la mita saba katikati ya mji ni adhabu.

Linalonigusa kuliko yote, hata hivyo, ni suala la kulala bure. Mwaka 2011, nchi ikijiandaa kupokea Kombe la Dunia la raga, Bunge lilipitisha sheria ya kupiga kambi kwa uhuru. Msingi wake ni kwamba unaruhusiwa kulala kwenye ardhi ya halmashauri isipokuwa pale halmashauri ilipokataza kwa sheria ndogo. Wageni wakalipokea hilo kama mwaliko. Wengine walikuja na magari ya kawaida yaliyotandikwa godoro nyuma, bila choo, na asubuhi vichaka vya kando ya maziwa vikasimulia yaliyotokea usiku. Mwaka 2023 sheria ikakazwa: anayelala garini kwenye ardhi ya halmashauri awe na gari lenye cheti cha kujitosheleza, yaani cha kuthibitisha kwamba linabeba maji na taka zake lenyewe, na choo kilichofungwa ndani, kisichohamishika, isipokuwa pale halmashauri yenyewe ilipotenga eneo kwa wasio nacho. Faini huanzia dola 400 na zinaweza kufika 2,400.

Choo hicho kinamaanisha kazi. Chini yake kuna kasha la plastiki linalochomolewa kwa nje ya gari. Kila baada ya siku mbili au tatu unalivuta, unalikokota hadi kwenye kituo cha umma cha kumwaga maji machafu, unafungua mdomo wake, unalimwaga taratibu lisirushe, unalisuuza kwa bomba lililowekwa kwa kazi hiyo tu, unaweka dawa, unalirudisha. Maji ya kuoshea vyombo nayo yana tangi lake. Kituo hicho kilijengwa kwa pesa za mtu, na mara nyingi ni pesa za kodi ya majengo ya wenyeji. Wilaya ya Mackenzie, yenye ziwa Tekapo, ziwa Pukaki na Aoraki ndani yake, ina wakazi wapatao 5,000. Hao ndio wanaobeba mzigo wa vyoo, mapipa ya taka na mifereji ya wageni ambao katika msimu huwazidi mbali kwa idadi.

Wapo waliotaka wageni wa bei rahisi waachwe kabisa. Agosti 2022, aliyekuwa Waziri wa Utalii, Stuart Nash, alisema nchi haitawalenga wale wanaojisifu mitandaoni kwamba wanazunguka kwa dola 10 kwa siku wakila tambi za dakika mbili. Naelewa alichotaka kukilinda, lakini alilenga mtu asiyestahili. Kijana anayekula tambi hukaa wiki nyingi, hupita vijiji ambavyo tajiri wa helikopta havijui, na mara nyingi huchuma matunda mashambani kabla ya kuondoka. Uharibifu hauletwi na umaskini wa msafiri. Unaletwa na kukosekana kwa choo, na hilo sheria ya 2023 imelishughulikia.

Tena kulala kando ya ziwa si tabia ya wageni peke yao. Chama cha wenye magari-nyumba cha Nyuzilandi kilianza mwaka 1956, kina wanachama zaidi ya 100,000, wengi wao wastaafu wanaoona jambo hilo kama sehemu ya malezi yao. Chama hicho ndicho kilichoishitaki halmashauri ya Queenstown Lakes kwa kubana mno, na mwaka 2024 Mahakama Kuu ikaifuta sheria yake ndogo ya mwaka 2021, ikiona kwamba ilizingatia mambo ambayo sheria mama haikuyataja. Kwa hiyo halmashauri ndogo inabanwa pande zote: haiwezi kufunga mlango, na haijapewa pesa za kuuacha wazi.

Pesa zipo. Mgeni anayeingia, ukiacha Waaustralia na wachache wengine, hulipa tozo ya utalii na uhifadhi. Ilikuwa dola 35 ilipoanza mwaka 2019, ikapandishwa hadi 100 Oktoba 2024. Mtanzania au Mkenya huilipa pamoja na viza. Mwomani, ambaye hahitaji viza, huilipa pamoja na kibali chake cha mtandaoni. Lakini inaingia serikali kuu, na inagawanywa kutoka huko. Kama sehemu inayoeleweka ya tozo hiyo ingekwenda moja kwa moja Mackenzie, Westland na wilaya nyingine ndogo, kwa kipimo cha magari yanayolala kwao, wakazi wanaopinga magari-nyumba wangebaki na sababu chache sana za kuyapinga. Hadi hilo lifanyike, msafiri anaweza kuanza mwenyewe: Idara ya Uhifadhi ina kambi zaidi ya 200 zinazofikika kwa gari, nyingi kwa malipo madogo, na miji midogo mingi ina duka la mboga na kituo cha mafuta. Alale kwenye hizo, na ajaze tangi na friji hapohapo badala ya kununua kila kitu Christchurch kabla ya kuondoka.