Masharti ya Mlo Yanapofika Mgahawani

Mtu anayeamua kula vyakula halisi tu, yaani vyakula vinavyofika mezani vikiwa karibu na hali vilivyotoka nayo shambani, zizini au majini, huanza na orodha ya kuacha. Sukari inaondoka, unga mweupe unaondoka, kisha vinafuata vinywaji vya chupa, nyama za kopo, biskuti na michuzi ya pakiti. Wapo wanaoishia hapo. Wengine huendelea hadi kuacha mafuta ya kupikia, maziwa, chumvi, nafaka zote na hata maharage, nao huamini kwamba sharti lisilo na msamaha, nyumbani na mgahawani, ndilo pekee linaloleta matokeo. Wanaowapinga husema kwamba ulaji wa namna hiyo ni kujitesa, kwamba unamtenga mtu na wenzake, na kwamba mwisho wake ni kuchoka na kurudia ulaji wa zamani. Mimi naona pande hizi mbili zinabishana juu ya mambo mawili kana kwamba ni moja. Ubora wa vyakula visivyosindikwa ni suala moja, na ukali wa masharti ni suala jingine. La kwanza lina ushahidi mzuri. La pili linahitaji kupimwa sharti kwa sharti na mtu kwa mtu, na linapimika vizuri zaidi pale mtu anapoketi mgahawani mbele ya chakula alichopikiwa na mtu asiyemwona.

Nianze na ushahidi. Mwaka 2009, Carlos Monteiro wa Chuo Kikuu cha São Paulo nchini Brazili alipendekeza kwamba vyakula vipangwe kwa kuangalia vilivyosindikwa kwa kiasi gani na kwa lengo gani, badala ya kuangalia virutubisho peke yake. Mfumo uliotokana na wazo hilo unaitwa NOVA, na una makundi 4: vyakula visivyosindikwa au vilivyosindikwa kidogo; viambato vya kupikia kama mafuta, chumvi na sukari; vyakula vilivyosindikwa kwa njia za kawaida; na vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, yaani vya kiwandani kama soda na biskuti za pakiti. Mwaka 2019, Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya nchini Marekani walichapisha jaribio ambalo watu wazima 20 walikaa ndani ya kituo cha utafiti kwa wiki 4, wakila vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi kwa wiki 2 na visivyosindikwa kwa wiki 2. Milo ya aina zote mbili ilisawazishwa kwa kalori zilizowekwa mezani, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu aliruhusiwa kula kiasi alichotaka. Walipokuwa kwenye vyakula vya kiwandani, washiriki walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku, walikula kwa kasi zaidi, na waliongezeka uzito kwa takriban kilo 0.9. Walipokuwa kwenye vyakula visivyosindikwa walipungua uzito kwa kiasi hicho hicho.

Jaribio hilo lilikuwa dogo na la muda mfupi, na washiriki walipikiwa kila mlo, jambo ambalo wengi wetu hatulipati. Hata hivyo, lina mafunzo mawili ambayo watetezi wa masharti makali huyaruka. Washiriki wale hawakuambiwa wajizuie. Walikula mpaka wakatosheka, na bado wakapungua. Pia milo yao ya vyakula visivyosindikwa ilikuwa na nafaka na mtindi, vitu ambavyo orodha nyingi kali huvipiga marufuku. Faida ilipatikana bila marufuku hizo.

Utafiti wa Christopher Gardner wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliochapishwa mwaka 2018, unaelekea huko huko. Watu wazima 609 waligawanywa katika makundi mawili, moja likipunguza mafuta na jingine likipunguza wanga, na yote mawili yakaelekezwa kula mboga kwa wingi na vyakula visivyosindikwa, na kupunguza sukari ya kuongeza na unga uliokobolewa. Baada ya miezi 12, kundi la mafuta kidogo lilikuwa limepungua wastani wa kilo 5.3 na la wanga kidogo kilo 6.0, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na uzito. Makundi yaliyokatazwa vitu karibu kinyume yalifika karibu mahali pamoja, na kilichoyaunganisha ni msingi ule wa chakula halisi.

Kutokana na hayo, nadhani mtu anayeshika orodha ndefu ana wajibu wa kuuliza kila kilichokatazwa kimekatazwa kwa sababu gani. Sukari ya kuongeza ina sababu iliyo wazi: Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari huru, yaani ile inayoongezwa kwenye chakula pamoja na ile ya asali na juisi, iwe chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana chini ya asilimia 5. Chumvi vilevile, kwa kuwa shirika hilo linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku. Maharage ni habari nyingine. Hoja inayotolewa dhidi yake ni kwamba yana lektini, aina ya protini zinazodhuru utumbo, na kweli maharage mekundu mabichi, au yaliyopashwa moto tu bila kuchemka sawasawa, humtapisha mtu vibaya. Lakini hakuna anayeyala mabichi. Kuyaloweka, kumwaga maji yake na kuyachemsha kikamilifu huvunja sumu hiyo, na kinachobaki ni protini, nyuzinyuzi, madini ya chuma na foleti, ambayo ni vitamini ya kundi B. Kumnyima mtu chakula cha namna hiyo maisha yake yote kwa hofu ambayo sufuria inayochemka imekwisha kuiondoa ni hasara, hasa ikiwa tayari ameacha nafaka na maziwa.

Sasa ukali wenyewe. Watetezi wake wana hoja nzito ambayo wapinzani hawaipi haki yake. Mtu aliyesema hapana mara moja hahitaji kuisema tena kila jioni. Anayejiruhusu kidogo hulazimika kuamua upya kila sahani inapopita: kidogo ni kiasi gani, na je, leo ni siku ya kidogo? Mabishano hayo na nafsi yanachosha, na wengi hushindwa kwa uchovu kuliko kwa tamaa. Nimeyaonja mwenyewe. Katika siku 30 nilizowahi kukaa bila sukari wala unga, wiki ya kwanza ilikuwa ngumu, lakini kuanzia wiki ya tatu keki iliyowekwa mbele yangu haikuwa na swali lolote ndani yake, na utulivu huo sijaupata katika mpango wowote wa kula kwa kiasi.

Upande wa pili wa hoja hiyo ni kile kinachotokea sharti linapovunjika. Mwaka 1975, watafiti Herman na Mack walichapisha jaribio ambalo wanafunzi wa chuo kikuu walinyweshwa maziwa matamu mazito, kisha wakaambiwa waonje aiskrimu kiasi wanachotaka. Waliokuwa hawana mazoea ya kujinyima walikula aiskrimu kidogo zaidi baada ya maziwa yale, kama inavyotarajiwa kwa mtu aliyekwisha kupata kitu tumboni. Waliokuwa na mazoea ya kujinyima walikula zaidi. Sharti likishavunjika, siku nzima huonekana imekwisha kuharibika, na mtu hula kana kwamba kesho mlango utafungwa. Ukuta usio na mlango huzuia vizuri mpaka unapopata ufa, na hapo huanguka wote. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba ukali ni nguvu au ni udhaifu kwa kila mtu. Naweza kusema tu kwamba anayechagua ukali anapaswa kuamua mapema atafanya nini siku ya ufa, na jibu linalofaa kuliko yote ni kwamba mlo unaofuata uwe wa kawaida, bila adhabu na bila kufunga.

Mgahawani ndiko ufa unakoanzia kwa wengi, na mara nyingi mtu mwenyewe hajui. Jioni moja niliagiza samaki wa kubanika na mboga za kuchemsha, nikiamini kwamba ndicho chakula salama kuliko vyote kwenye menyu. Samaki alikuja akiwa na ngozi ya hudhurungi inayong'aa, na alipopoa kidogo ngozi ile ilinata kwenye uma. Nilimwuliza mhudumu kwa upole, naye akaenda jikoni na kurudi na maelezo kamili: samaki alikuwa amelowekwa tangu asubuhi katika sosi ya soya, na kabla ya kuwekwa kwenye moto alipakwa asali iliyochanganywa na sukari. Mboga zilikuwa zimemaliziwa kwa siagi. Hakuna aliyenidanganya. Menyu ilisema samaki wa kubanika, na kweli alibanikwa. Ila sosi ya soya kwa kawaida hutengenezwa pamoja na ngano, na hivyo sahani niliyoiona kuwa samaki na mboga ilikuwa na ngano, sukari na maziwa ndani yake.

Tukio hilo linaeleza jinsi jiko la biashara linavyofanya kazi. Michuzi hupikwa mapema kwa wingi, nyama hulowekwa saa nyingi kabla, na supu mara nyingi hujengwa juu ya viungo vya pakiti. Mambo hayo yakishafanyika, mpishi hawezi kuyaondoa hata akiombwa kwa heshima. Anachoweza kubadilisha ni kile kinachopikwa baada ya oda kuingia: mayai, kipande cha nyama au samaki ambacho hakijalowekwa, mboga zinazopita kwenye mvuke, viazi vya kuoka, saladi yenye limau pembeni. Kwa hiyo swali linalomsaidia mhudumu ni lile la kuuliza ni kitu gani jikoni bado hakijaguswa na mchuzi, kuliko kumsomea orodha ya vitu 12 visivyotakiwa wakati meza nyingine 5 zinamsubiri. Kupiga simu mchana, kabla ya saa za wateja wengi, husaidia kuliko ubishi wowote wa usiku.

Sheria nazo zina mipaka. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, migahawa inatakiwa kuweza kumweleza mteja kama chakula kina kimojawapo cha vitu 14 vinavyosababisha mzio. Nchini Marekani, tangu mwaka 2018, migahawa ya mtandao wenye matawi 20 au zaidi hutakiwa kuonyesha kalori kwenye menyu. Kanuni hizo hazimwambii mteja kama mafuta yaliyotumika yamesafishwa kiwandani wala kama nyanya zilitoka kwenye kopo. Anayetaka uhakika wa kiwango hicho nje ya nyumba yake anatafuta kitu ambacho mara nyingi hata mpishi hana.

Hapo ndipo baadhi ya watu huingia kwenye njia ambayo siikubali, ya kudai wana mzio ambao hawana. Neno mzio lina nguvu jikoni, na linastahili kuwa nayo. Mpishi anayelisikia huosha ubao wa kukatia, hubadilisha kisu na kikaangio, na huacha mafuta yaliyokwisha kukaangia vitu vingine. Mteja yule yule akionekana dakika 20 baadaye akionja keki ya mwenzake, mhudumu hujifunza kwamba neno hilo ni la maringo, na anayelipia somo hilo ni mgonjwa wa kweli atakayeketi kesho. Mwenye siliaki, ugonjwa ambao gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, hudhuru utumbo wake, hana tiba nyingine inayojulikana zaidi ya kuiacha maisha yake yote, na mabaki ya unga kwenye mafuta ya kukaangia yanatosha kumdhuru. Kwake yeye ukali hauna mjadala. Sisi tuliochagua masharti yetu tunaweza kusema ukweli, kwamba hatupendi kula kitu fulani, na wahudumu wengi husaidia bila kuhitaji kutishwa.

Gharama nyingine ya ukali huja polepole. Mwaka 1997, daktari wa Marekani Steven Bratman alibuni neno othoreksia kueleza hali ya mtu kushikwa na hamu ya kula kwa usafi mpaka hamu hiyo ikaanza kumdhuru. Hali hiyo haimo kama ugonjwa unaojitegemea katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa DSM-5, na si haki kumbandika jina hilo kila anayekataa soda. Ila dalili zake zinastahili kuangaliwa: orodha ya vyakula vinavyoruhusiwa inazidi kufupika, mialiko inakataliwa mmoja baada ya mwingine, na kijiko kimoja cha mchuzi usiojulikana kinaleta hofu ya siku mbili. Mwili nao hudai chake. Aliyeacha vyakula vyote vya wanyama anahitaji kuongezewa vitamini B12, na aliyeacha kwa pamoja chumvi yenye madini joto, maziwa, mayai na samaki amefunga karibu milango yote ambayo madini hayo huingilia.

Njia ninayoiona kuwa na busara zaidi imetoka kwa wanaotibu matatizo ya utumbo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash nchini Australia, walioandaa mlo wa kupunguza aina fulani za wanga kwa wenye utumbo unaosumbua, waliugawa katika hatua 3: kuondoa vyakula husika kwa wiki 2 hadi 6, kuvirudisha kimoja kimoja kwa majaribio, kisha kubaki na mlo unaomfaa mtu huyo mmoja. Ukali upo, na una tarehe ya kwisha. Wengi wanaojiwekea masharti bila mwongozo hufanya hatua ya kwanza kwa bidii kubwa na kuiruka ya pili, kwa kuwa wameanza kujisikia vizuri na wanaogopa kuharibu. Matokeo yake ni kwamba mwaka mzima baadaye bado hawajui kama kilichowasaidia ni kuacha maziwa, kuacha sukari, au kulala mapema tu, na wanaendelea kukataa vyote.

Aliyeifanya hatua ya pili huingia mgahawani akiwa na mambo mawili au matatu tu ya kuuliza. Mhudumu anaweza kuyashika kichwani bila kuandika, na mpishi anaweza kuyatimiza kabla sahani za wenzake hazijapoa.