Kwani Ronaldo amekukosea nini?

Andika mtandaoni kwamba hakuna mchezaji unayefurahia kumtazama kama Messi, kisha weka simu chini. Ukiishika tena, mtu atakuwa amekuuliza Ronaldo amekukosea nini. Hukumtaja Ronaldo. Kwa msomaji yule, umemtaja, tena vibaya.

Ni rahisi kumcheka, lakini naona ana sehemu ya haki. Mwaka 1975 mwanafalsafa Paul Grice alieleza kwamba msikilizaji haishii kwenye maneno aliyoambiwa. Hupima pia kwa nini yamesemwa hayo yakaachwa mengine. Ukiulizwa kuhusu ndugu wawili ukamsifu mmoja tu, kimya chako juu ya wa pili kinasikika. Nasi tunaosema Kiswahili tunakijua kijembe tangu utotoni. "Mimi napenda mchezaji asiyejisifu." Hapo hakuna tusi hata moja, na kila shabiki anajua limelengwa wapi.

Ila kijembe hukaa ndani ya mazungumzo. Aliye mbele yako anakuona usoni, anajua mlikuwa mnaongea nini, pengine anajua una jezi za wote wawili. Mtandaoni sentensi yako inamwangukia mtu aliyetoka kusoma mabishano kumi, naye anaisoma kama ya kumi na moja. Amezoea, basi.

Na mazoea hayo hayakutoka hewani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1971, mwanasaikolojia Henri Tajfel na wenzake waliwagawa wavulana wa shule moja mjini Bristol, Uingereza, wakawaambia wamepangwa kwa kupenda picha za mchoraji Klee au za mchoraji Kandinsky. Kumbe mgawanyo ulikuwa wa kubahatisha. Walipopewa nafasi ya kugawa pesa, walielekea kukubali kundi lao lipate pungufu, mradi tu liliache mbali lile jingine. Kwa picha tu!

Mwanasaikolojia Marilynn Brewer alipinga mkondo huo mwaka 1999: kupenda chako na kuchukia cha mwenzako ni mambo mawili, na la kwanza huweza kuishi bila la pili. Nadhani yuko sahihi kuhusu mioyo ya watu. Mitandao, hata hivyo, haisambazi mioyo. Uchambuzi wa mwaka 2021 wa machapisho ya kisiasa ya Marekani kwenye Facebook na Twitter ulionyesha kuwa yanayotaja upande wa pili husambazwa zaidi. Kwa hiyo sifa tupu zinatufikia chache, za kushindanisha zinatufikia tele, na msomaji anakisia kutokana na anayoyaona.

Wapo wanaoshauri mwandishi ajikinge mapema. Nimewahi kujaribu. Baada ya kumsifu Messi nikaongeza kwamba Ronaldo naye ni hodari kupindukia. Jibu la kwanza lilitaka kujua nina ugomvi gani na Maradona.