Waini tamu si ya watoto, nendeni Loire mkaulize

Kuna ile kauli ya kwenye harusi na sendoff zetu, ukikaa meza moja na watu wenye pesa mpya utaisikia tu, kwamba waini ya maana ni nyekundu tena kavu, yaani isiyo na utamu, hizo tamu waachie kina dada na watoto wa chuo. Mjomba wangu ndo mwenyekiti wa hicho chama. Mwaka jana nilimmiminia glasi ya nyeupe yenye utamu akaiangalia kama kaletewa juisi ya boksi, akaniuliza "anko, miaka yote hiyo Ufaransa ndo umerudi na hii?" Nikanyamaza, maana huwezi kubishana na mjomba wako mbele ya wakwe, ila kimenikaa rohoni mpaka leo kwa hiyo nakitolea hapa.

Mi nimekulia Dodoma, zabibu kwangu ni zile za kwenye vindoo vidogo unaletewa dirishani basi likisimama, hata sikuwahi kuwaza kama zina majina. Nikaenda kusoma Tours, mji uko katikati ya bonde la mto Loire, mto mrefu kuliko yote Ufaransa, kilomita elfu moja na ushee, unatoka milimani huko kusini unapanda kaskazini mpaka Orléans halafu unakata kona kuelekea magharibi hadi baharini Atlantiki. Kando yake ni mizabibu, mashamba, kasri za wafalme, mizabibu tena. Sasa wiki ya kwanza tu mwenye nyumba wangu ananimiminia waini nyeupe ya kijiji cha Vouvray, ng'ambo ya mto pale, namuuliza zabibu gani hii, ananiambia Chenin Blanc. Nikacheka peke yangu. Chenin si ndo ile ile iko Dodoma, wakulima wetu wanayo shambani pamoja na ile nyekundu ya Makutupora! Yaani nimepanda ndege mbili kwenda kutambulishwa kwa jirani yangu.

Na Chenin hapo ndo kwao kabisa, mikoa ya Anjou na Touraine, imekuwepo karne na karne. Kinachonifurahisha ni kwamba zabibu hiyo moja wanaitengenezea kila kitu. Vouvray yenyewe unaweza kuipata kavu ambayo wanaita sec, yenye utamu kidogo demi-sec, tamu kweli kweli moelleux, na yenye mapovu kama shampeni, zote kijiji kimoja, zabibu moja, wakati mwingine hata mkulima mmoja. Anaamua mwaka ulivyokuja. Mwaka wa baridi zabibu haziivi sana basi nyingi zinaenda kwenye mapovu na kavu, mwaka wa jua zinaiva mpaka sukari inazidi basi anatengeneza tamu. Hakuna anayeona aibu na tamu pale, tena ndo zile wanazofungia chini ya ardhi kusubiri mtoto aoe, Vouvray za mwaka 1947 mpaka leo watu wanaziongelea kama tunavyoongelea timu za zamani.

Siri yake ni uchachu. Chenin ina asidi kali hata ikiiva sana, kwa hiyo ule utamu haulali mdomoni kama sharubati, unakuja halafu uchachu unausafisha unataka tena. Ndo tofauti ya waini tamu iliyotengenezwa na ile iliyowekewa sukari kufunika makosa, na mi nadhani kina mjomba walikutana na hiyo ya pili wakahukumu ukoo mzima.

Sasa ngoja niwapeleke Layon, hapa ndo penyewe. Layon ni kamto kadogo kanaingia Loire ukishaupita mji wa Angers kuelekea baharini, na vuli ya kule, msimu wa kabla ya baridi, ikifika asubuhi kanatoa ukungu unafunika mizabibu yote, mchana jua linapiga linakausha. Ule ukungu wa asubuhi unaleta ukungu mwingine, wa kuozesha kama ule wa kwenye mkate (Kiswahili chetu kimeyapa neno moja na kwa kweli kimepatia). Unatoboa toboa ganda la zabibu, maji yanatoka, inabaki imesinyaa, ina rangi ya kahawia, inatisha kuitazama, lakini ndani sukari na asidi na harufu vyote vimejikusanya. Wavunaji hawapiti mara moja, wanapita shamba lile lile mara tatu nne, wanachuma zilizooza vizuri tu wanaziacha zingine zioze zaidi, mpaka Novemba huko. Hiyo ndo Coteaux du Layon, na vipande vyake vya kifahari Bonnezeaux na Quarts de Chaume. Mtu anasimama kwenye baridi anachagua zabibu punje kwa punje halafu wewe unasema ni kinywaji cha watoto, jamani.

Halafu ukivuka Loire upande wa kaskazini, mwendo mfupi tu, uko kijiji cha Savennières, na Chenin hiyo hiyo inageuka kavu, ngumu, ya kusubiriwa miaka. Udongo ni mawe meusi ya tabaka tabaka, wakati Vouvray ni lile jiwe jeupe laini linaitwa tuffeau, ndo walichonga kasri nalo na mashimo yaliyobaki wakayafanya stoo za waini, ukiingia ni ubaridi wa nyuzi kama 12 mwaka mzima bila friji. Nilikuwa naenda kule Julai kujificha na joto, nanunua chupa moja kwa ajili ya adabu.

Sehemu zingine za bonde nitazipita haraka. Kule karibu na bahari, Nantes, kuna Muscadet, zabibu yake inaitwa Melon de Bourgogne, ilienea baada ya baridi ya mwaka 1709 kuua mizabibu mingi, na nzuri zake zinalazwa juu ya machicha ya hamira kipindi chote cha baridi bila kuchujwa ndo zipate mwili kidogo. Ni kavu, nyepesi, ina kama chumvi chumvi, na kwa chaza haina mpinzani, watu wa Pwani mngeielewa dakika moja. Nyekundu ya maana ni ya zabibu Cabernet Franc, kule Chinon na Bourgueil, yenyewe wanaiita Breton, ukiinusa ina pilipili hoho ndani yake hasa mwaka ambao haikuiva vizuri. Hiyo wanainywa imepoa kidogo. Na hapa niseme, ile habari ya waini nyekundu inywewe joto la chumbani waliisema watu wenye vyumba vya baridi, Dar nyuzi 32 chumbani unakunywa supu.

Najua mtaniuliza Sancerre. Sancerre iko juu mashariki, zabibu yake ni Sauvignon Blanc, ndo maarufu kuliko zote na ndo utaikuta kwenye menyu za hoteli kubwa kwa bei ya kodi ya mwezi. Ni nzuri sikatai, hasa zile za kwenye mawe ya gumegume zina harufu kama ya kiberiti kilichowashwa. Ila asilimia kubwa ya bei ni jina, na kabla wadudu wa filoksera hawajamaliza mizabibu mwishoni mwa karne ya 19 pale walilima sana nyekundu, hiyo Sauvignon imeshika juzi tu ukilinganisha na Chenin ya Anjou. Nipe Vouvray demi-sec na pilau yenye pilipili ya kuwasha, Sancerre wapelekee wanaopiga picha glasi.

Kitu kingine kilichonishangaza ni hofu yao ya Aprili. Mizabibu ya kule inalala miezi ya baridi, ikichipua Aprili usiku mmoja wa barafu unaweza kuondoka na mavuno ya mwaka, Aprili 2021 ilipiga karibu Ufaransa yote, watu wakakesha wanawasha mishumaa mashambani katikati ya mistari. Chenin inawahi kuchipua na inachelewa kuiva, yaani imejitafutia matatizo pande zote mbili. Dodoma kwetu mzabibu haulali, unaamshwa na mkasi, ukikata matawi ndo unaanza safari, tunavuna mara mbili kwa mwaka. Mkulima wa Vouvray nilimwambia hivyo hakuniamini, akaniuliza mara mbili, halafu akasema basi nyie mna haraka. Labda. Joto letu linaiwahisha zabibu na uchachu unashuka, ni tatizo kweli, lazima uvune mapema na upoze haraka, hiyo siyo Loire na haitakuwa.

Ila kitu kimoja tungekiiba leo bila kuomba ruhusa. Chupa za kule mara nyingi hazisemi hata zabibu gani, zinasema mahali, Vouvray, Chinon, Savennières, kijiji ndo jina. Sisi tumeandika Dodoma, basi, kama vile Hombolo na Mpunguzi na Mvumi udongo ni ule ule na mtu anayelima ni yule yule. Mi chupa ya Chenin iliyoandikwa Mpunguzi ningeinunua hata sijaionja, na ikiwa na utamu kidogo ningeipeleka moja kwa moja mezani kwa mjomba, safari hii wakwe wakiwa hawapo.