Oscar bado ina kazi yake

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anadai Oscar, tuzo kubwa ya filamu ya Marekani, imekosa maana tangu kampuni za intaneti zianze kununua studio kongwe za filamu. Sikubaliani naye. Studio zimeuzwa miaka yote: Sony ya Japani iliinunua Columbia mwaka 1989, Disney ikaichukua Fox 2019, Amazon ikainunua MGM 2022. Mwaka huohuo wa 2022 CODA ya Apple ikawa filamu ya kwanza kutoka huduma ya mtandaoni kushinda Oscar ya Filamu Bora. Bila tuzo ile, jamaa anayetuwekea filamu kwenye flashi hapa Mwanjelwa, Mbeya, asingehangaika kuitafuta, maana haina bunduki wala ngumi. Niliitazama na mjomba wangu, mvuvi wa Matema, Ziwa Nyasa. Filamu inahusu familia ya wavuvi viziwi, binti yao tu ndiye anayesikia. Nikawa namtafsiria maandishi ya Kiingereza, tulipofika pale baba anapomshika binti shingoni ili ahisi anavyoimba, mjomba akaniambia ninyamaze, ameelewa. Hadi leo akija mjini anaiulizia. Ninachokubaliana na mwandishi ni kwamba kuunganishwa kwa studio kunaumiza: Fox na Disney zilipokuwa mbalimbali, mtunzi aliyekataliwa huku aliweza kujaribu kule, sasa mwenye uamuzi ni mmoja. Hapo ndipo angekaza, tuzo aziache. Wenzangu wa Iringa na Njombe, ni filamu gani ndogo mliyoijua kwa sababu tu ilishinda tuzo?