Friji Langu Limeshitakiwa

Mwenzenu leo nimeamshwa na luku, mita ya umeme wa kulipia kabla. Saa kumi na moja kasoro, kabla ya adhana, kabla ya jogoo, ile tii, tii, tii ya kukwambia uniti zinakwisha na wewe umelala kama mtu asiye na majukumu. Mita ya nyumba yetu imefungwa ukumbini juu kidogo ya mlango wangu. Tuko vyumba saba, luku inatudai wote, lakini anayepigiwa kelele sikioni ni mimi peke yangu. Wenzangu wanaamka feni ikishazima, wanatoka na khanga na vikoi, wanauliza, "Baba Zuu, umeme umekatika au umeisha?" Kana kwamba mimi ndiye waziri.

Na tulichanga juzi tu! Elfu tano tano, vyumba saba, 35,000 kamili, tena kwa kugombana na yule kijana wa chumba cha nne ambaye kila mwezi huwa "anasubiria mtu amrushie". Ikakatwa 1,500 ya kodi ya jengo. Jengo la baba mwenye nyumba, siyo langu. Jengo langu mimi ni matofali 200 yaliyoota majani kule Chamazi, na kwa namna yalivyo naona mijusi wameshapangishana. Iliyobaki ikatupa uniti 94. Siku tisa, zimebaki mbili.

Nikanunua za dharura kwa hela yangu ya nauli. 5,000, uniti 14, na nazijua hela za dharura: hazirudi. Basi nikapanda kwenye stuli na tarakimu zangu 20, mtu mzima, kikoi kimoja, tochi ya simu mdomoni. Kitufe cha 7 kwenye mita yetu hakibonyezeki kwa kidole, kinataka ncha ya kijiko. Na hizo tokeni, sijui wanazichaguaje, kila ninayonunua ina 7 nne. Saba ya tatu ikagoma, nikaanza upya. Ustadhi wa chumba cha pili akapita kwenda kuswali, akanitazama miguu, akasema, "Subira, Baba Zuu." Nilitaka kumjibu lakini nilikuwa na simu mdomoni.

Saa mbili asubuhi, kwa kuwa ni Jumapili na watu hawana pa kwenda, Mama Shani akagonga mfuniko wa sufuria uani. Kikao. Ajenda moja: nani anakula umeme. Baba mwenye nyumba, ambaye anaishi chumba cha mbele na sisi huku nyuma, akaletewa kiti chenye mgongo akawa mwenyekiti. Sisi ndoo na vigoda. Na kabla sijakaa vizuri, Mama Shani akatamka, "Mimi nasema wazi, sifichi. Ni friji la Baba Zuu."

Friji langu! Nikawaambia, haya, twendeni tukalifungue hilo friji hadharani. Nikalifungua. Juu, kwenye barafu: tasi na changu wa Mama Shani mwenyewe, kwenye mfuko mweusi, tangu Jumatano. Pembeni: barafu za ubuyu za yule kijana wa chumba cha nne, biashara, anauza mia mia, hajawahi kunipa hata moja ya kuonja. Katikati: chupa sita za maji ya Ustadhi, kwa sababu yeye hawezi kufuturu maji ya moto, na leo wala si mwezi wa Ramadhani. Cha kwangu mle ndani ni nusu ndimu. Tena imekauka, ukiigonga ukutani inalia kama gololi. Hiyo ndiyo ndimu inayowamalizia watu uniti 94.

"Mimi naona," akasema mwenyekiti kwa sauti ya pole pole ile ya watu wenye hati ya nyumba, "friji lizimwe usiku, liwashwe asubuhi." Watu wakatikisa vichwa. Nikasema sawa, na samaki nao tuwaambie wasioze usiku, waoze asubuhi.

Hapo ndipo elimu ilipoanza kumwagika. Nyie mnaijua hali hii, kikao cha wapangaji kikigusa umeme kila mtu anakuwa amesomea. Mama Shani: chaja ukiiacha kwenye soketi bila simu inanyonya kimyakimya, ndiyo mwizi mkubwa. Ustadhi: feni ukiiweka namba moja inakula kuliko namba tano, kwa sababu inajikaza. Kijana wa barafu: televisheni ikiwa bubu haili. Dada wa chumba cha tano akaleta la simu kuingia maji na kufukiwa kwenye mchele, halikuhusiana na lolote, lakini likachukua nusu saa, na jambo pekee lililothibitika ni kwamba mchele ule ulipikwa na tuliula kwenye msiba wa jirani. Babu wa chumba cha mwisho akasema taa hizi nyeupe hazili sana kwa sababu ukizishika hazichomi kama zile za zamani. Wakamcheka. Kumbe katika wote aliyesema kweli ni yeye: zile za zamani sehemu kubwa ya umeme ilikuwa inageuka joto tu.

Aliyetuambia hivyo ni Injinia. Injinia ni kijana wa chumba cha sita, anafunga waya kwenye majumba ya watu, na sisi tunamheshimu tangu mwaka 2024. Mnakumbuka ile habari ya kuingiza tarakimu za ziada kabla ya tarehe 24 Novemba, 20 na 20 nyingine, halafu ndiyo uweke tokeni yako, jumla 60? Mimi nilikuwa juu ya stuli hii hii, na kijiko hiki hiki. Mtaa mzima ulisema tunaibiwa. Injinia peke yake ndiye aliyesema, hapana, dunia imeishiwa dakika. Kwamba hizi mita za tokeni, za kwetu na za nchi nyingine kibao, kila tokeni inapigwa muhuri wa dakika iliyotolewa, na dakika hizo zilikuwa zinahesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi waliyoiachia hesabu hiyo inabeba dakika 16,777,216 tu. Zikijaa, basi, mita haipokei tena mpaka uirudishe mwanzo. Babu akamuuliza siku ile, "Kwa hiyo walipokaa kuanzisha, hawakufikiri kama tutakuwa hai mpaka sasa?" Injinia hakuwa na jibu. Mimi nilimbishia wiki nzima, nikaja kuambiwa na watu wengine watatu wenye tai kwamba ni kweli. Tangu hapo akisema jambo la waya nanyamaza.

Akasema, "Chaja zote saba za nyumba hii bila simu, ukizikusanya, uniti moja inaweza kuchukua mwezi na zaidi. Tuache kuhisi. Tuhesabu." Akaonyesha mita. Kuna kitaa chekundu pale, kinakonyeza. Pembeni kumeandikwa 1000 imp/kWh. Maana yake, kikikonyeza mara 1,000, uniti moja imekwenda. Miaka minne kitaa kile kinanikonyeza kila ninapoingia chumbani, nami nilidhani ni urembo.

Basi saa mbili usiku wa leo, jamani, nyumba nzima ukumbini. Kila kitu kimezimwa. Feni zimezimwa, na joto hili la Mbagala mnalijua, watu wanatiririka. Friji langu limezimwa, samaki wanatutazama. Watoto wamepanda kwenye madumu. Injinia na saa ya simu. Mama Shani akataka tuhesabie kwa tasbihi ya Ustadhi, Ustadhi akasema tasbihi yake haijaletwa duniani kuhesabu luku. Tukahesabu kwa mdomo.

Tulitegemea giza. Kitaa kikakonyeza.

"Nani hajazima?" Kila mtu akaapa. Tukasubiri. Kikakonyeza tena. Injinia akapima: sekunde 18. Tena: 18. Tena, 18 vilevile, kama mtu anapumua usingizini. Akapiga hesabu ukutani kwa penseli. Kila sekunde 18 mara moja, kwa saa mara 200, yaani wati 200 zinakwenda usiku na mchana, yaani karibu uniti 5 kwa siku. Kwa mwezi uniti 144. Kwa vile elfu kumi inatupa 28, huo ni mzigo wa elfu hamsini na kitu, mwezi mmoja, wa mtu ambaye hayupo!

Wengine wakaanza kusoma Ayatul Kursiy. Kijana wa barafu akasema labda ni upepo. Mama Shani akarudi kwenye friji langu, ambalo plagi yake nilikuwa nimeishika mkononi, nikamwonyesha kama mtu anavyoonyesha hirizi, akasema, "Linaweza kuwa limebakiza umeme ndani."

Aliyetuokoa ni paka. Tuna paka hapa hana mwenyewe, na kila siku usiku hulala mahali pamoja tu, kwenye ukuta wa stoo ya uani, ile yenye kufuli. Nyumba nzima inamjua na hakuna aliyewahi kujiuliza. Babu ndiye aliyenyoosha mkono akagusa ule ukuta, akasema, "Mbona una homa?"

Tukainua tochi. Waya. Umetoka darini, umepita juu ya bafu, umeingia stoo kupitia tundu lililozibwa na gunia. Tukageuka, wote kwa pamoja, kumtazama mwenyekiti. Naye alikuwa anatazama mwezi.

Sasa utaanzaje kumwambia mtu mwenye nyumba yake? Kimya kilikuwa kirefu mpaka Mama Shani, yule yule simba wa asubuhi, akasema kwa sauti ya mtoto, "Shikamoo, Mzee." Alikwisha mwamkia saa mbili asubuhi. Mzee akaitikia marahaba, akatoa ufunguo kiunoni.

Ndani ya stoo, sanduku kubwa la bati, taa ndogo, feni inazunguka taratibu, na kioo kimeandika 37.5. Mayai. Safu kwa safu, yamelala yanabembelezwa, yanageuzwa na mashine yenyewe upande huu na upande ule. Humo ndani mlikuwa na feni inayofanya kazi. Mimi nje jasho limenifika kwenye soksi.

"Ni siku ya 17," akasema Mzee, bila haya, akashusha sauti kama mtu aliye wodini. "Yanataka siku 21. Mkizima sasa ni kuua. Hivi ni viumbe." Ustadhi akainamisha kichwa, kwa sababu hapo ameguswa pabaya. Injinia kazi yake haijaisha, akaenda akawasha friji langu tu tulipime: sekunde zikashuka kutoka 18 hadi 11 na ushee. Kwa hiyo friji zima, na tasi, na ubuyu, na bahari ya Ustadhi, linakula pungufu ya yale mayai, tena lenyewe likishapoa hujizima likapumzika. Nikawatazama mmoja mmoja. Nilitegemea radhi. Mama Shani akasema, "Sasa si uliache limewaka, samaki wataharibika."

Halafu mwenyekiti akafunga kikao kwa kutangaza kwamba kwa kuwa sasa mambo yako wazi, mchango wa mwezi ujao utakuwa elfu sita, na mradi ukisimama kila chumba kitapata kifaranga. Watu wakapiga makofi! Nawaapia. Watu waliokuwa tayari kunitoa na friji langu asubuhi wakapigia makofi kifaranga kimoja. Kijana wa barafu akauliza kama wake anaweza kuwa jogoo.

Mimi sikupiga. Hebu nielezeni. Ninalipa kodi ya chumba miezi sita mbele. Ninalipa kodi ya jengo lisilo langu. Kumbe na joto la kuku ninalipa, kuku ambao sijawaona, hawajazaliwa, na tayari wanaishi vizuri kuliko mimi! Halafu nikisema, nitaambiwa nahama lini, na dalali ataniomba mwezi mmoja wake kunipeleka kwenye nyumba nyingine yenye vyumba saba na mita moja, na huko naweza kukuta ni sungura. Babu akaniuliza pole pole njiani, hivi vifaranga wakitoka si watahitaji taa ya joto wiki kadhaa? Nikamwambia Babu, tafadhali, usimkumbushe.

Sasa ni saa saba usiku. Simu yangu ina asilimia 11, na nimejikuta nimechomoa chaja. Mimi, ambaye najua hesabu, kwamba betri kama hii unaijaza mara 40 hivi ndiyo uniti moja iondoke. Lakini kesho Mama Shani atauliza nani alikuwa anachaji usiku wa manane, na sina nguvu ya kikao kingine kabla ya Alhamisi. Nimegeuza kitanda ili nisikitazame kile kitaa, nikakuta ukutani kinajionyesha kwa mwanga, nyekundu, sekunde 11, sekunde 11. Sasa hivi 18. Friji limelala.

Paka naye yuko kwenye ukuta wake, nasikia anakoroma. Yeye hajachangishwa.