Ukonfusio na Ushinto huachana njia mlangoni pa msiba

Makala nyingi zinazolinganisha Ukonfusio, mafundisho ya Confucius wa China, na Ushinto, dini ya asili ya Japani, huishia palepale: zote mbili huheshimu mababu, wala hazimkatazi mtu kushika dini nyingine. Ni kweli kwa kiasi, lakini msomaji hatoki na kitu. Kwangu mimi kipimo kizuri ni kimoja. Mtu akifa nyumbani, wafiwa wanatakiwa wafanye nini, na kwa muda gani?

Confucius (551–479 K.K.), aliyezaliwa Lu, eneo ambalo leo liko mkoa wa Shandong nchini China, hakupenda mabishano kuhusu mizimu. Alipoulizwa jinsi ya kuihudumia, alijibu kwamba asiyeweza kuwahudumia walio hai hataiweza mizimu. Lakini kwenye matanga alikuwa mkali. Mwanafunzi wake Zai Wo alisema maombolezo ya mzazi yapunguzwe kutoka miaka mitatu hadi mmoja. Akaulizwa kama moyo wake ungetulia akila wali na kuvaa nguo za fahari wakati huo. Akasema ungetulia. Basi fanya, akaambiwa. Alipotoka, mwalimu alisikitika: mtoto hukaa miaka mitatu mikononi mwa wazazi wake kabla ya kuachiliwa.

Miaka mitatu hiyo kwa hesabu ilikuwa miezi 25, na baadaye 27. Mtoto wa kiume alivaa nguo ya katani ngumu isiyopindwa pindo, na ofisa wa serikali aliacha kazi akarudi kwao. Mwaka 1577 Zhang Juzheng, kiongozi mkuu wa serikali ya China chini ya ukoo wa kifalme wa Ming, alifiwa na baba yake, mfalme akamwamuru abaki kazini. Maofisa waliopinga jambo hilo walichapwa viboko.

Nchini Korea deni hilo kwa mzazi bado linalipwa kila mwaka, siku aliyofariki, kwa tambiko liitwalo jesa. Jina la marehemu huandikwa kwenye karatasi na kusimamishwa nyuma ya meza. Ubani huwashwa, kisha vikombe vitatu vya pombe hutolewa kwa zamu, cha kwanza na mtoto wa kiume mkubwa. Kijiko husimamishwa ndani ya bakuli la wali, mlango hufungwa kwa muda ili mgeni, yaani roho ya marehemu, ale kwa faragha, na kabla ya kuufungua mtu hukohoa kidogo kama anayebisha hodi. Mwishoni karatasi huchomwa, na familia hula chakula kilekile. Makosa hutokea mezani: wali huwekwa magharibi na supu mashariki, kinyume cha meza ya walio hai. Mapichi, pilipili na kitunguu saumu haviwekwi, kwa kuwa huaminiwa kuifukuza roho iliyoalikwa.

Dosari yake kubwa naiona jikoni. Wakaza wana hukaanga kutwa nzima kwa ajili ya mababu wa ukoo usio wao, halafu vikombe hushikwa na wanaume. Kwa hiyo nilifurahi Sungkyunkwan, taasisi kuu ya Ukonfusio mjini Seoul, ilipotangaza Septemba 2022 kwamba meza ya sikukuu ya Chuseok inatosha kwa vyakula tisa, na vya kukaangwa si lazima. Walirejea maandiko yao wenyewe kuthibitisha hilo. Mzigo ule uliongezwa na watu.

Sasa ingia nyumba ya Kijapani yenye kamidana, kibanda kidogo cha kami, miungu ya Ushinto. Huwekwa juu ya usawa wa macho, kikielekea kusini au mashariki. Kama kuna ghorofa juu yake, karatasi yenye neno "wingu" hubandikwa darini, ili ihesabike kwamba hakuna anayekanyaga juu ya kami. Kila siku hupewa mchele, chumvi na maji; tarehe 1 na 15 huongezwa sake, pombe ya mchele, na matawi mabichi ya mti wa sakaki.

Siku ya msiba yote hayo husimama. Karatasi nyeupe hubandikwa mbele ya kibanda, ikiwezekana na mtu asiye wa familia, na kwa kawaida hukaa siku 50. Wafiwa hawatoi sadaka wala hawapiti chini ya torii, lango la hekalu la Kishinto, kwenda hekaluni. Mazishi yenyewe kwa familia nyingi huachiwa Wabudha, na mwenye kutoka mazikoni hurushiwa chumvi. Wafiwa hawana dhambi yoyote. Kifo kimewaachia kegare, doa linaloondoka kwa muda na kwa maji. Masimulizi ya Kojiki, kitabu cha kale cha Japani cha mwaka 712, yanaonyesha asili yake: mungu Izanagi alimfuata mkewe kuzimu, akamkuta anaoza, akakimbia, akaoga mtoni. Jua, Amaterasu, lilizaliwa alipoosha jicho la kushoto.

Kwa hiyo Ukonfusio humsogeza mfiwa karibu na maiti wake, na Ushinto humtenga na kami mpaka doa liishe. Kuita yote hayo "heshima kwa mababu" ni uvivu, na uvivu huo una gharama.

Tazama Yasukuni, hekalu la Tokyo lililoanzishwa mwaka 1869 na kupewa jina hilo mwaka 1879. Hakuna mabaki ya mtu pale. Kuna majina ya zaidi ya watu milioni 2.4 waliokufa vitani, wakiabudiwa kama kami. Kwa njia hiyo serikali ya Japani ilikwepa kegare, huku ikichukua utii wa mwana kwa baba, fundisho la Kikonfusio, na kuuelekeza kwa mfalme. Miongoni mwa majina hayo yamo ya maelfu ya Wakorea walioingizwa katika jeshi la Japani ilipoitawala Korea. Jamaa zao wamedai mahakamani yaondolewe. Hekalu hujibu kwamba kami waliokwisha kuunganishwa hawatenganishwi.

Kwa kanuni za Ushinto jibu hilo linaeleweka. Kwa Confucius ni dhuluma: alisema kumtolea sadaka mzimu usio wako ni kujipendekeza. Anayestahili kushika kikombe ni mtoto wa marehemu, na mimi nasimama upande wa watoto hao.